Mbegu Alizoziosha Theodosia

Saa kumi na mbili asubuhi, Theodosia amechuchumaa katikati ya shamba la misheni, nje kidogo ya Songea. Kulia kwake soya imekolea kijani. Kushoto imedumaa, njano tupu. Shamba ni moja na samadi ilimwagwa sawasawa.

"Bruda anasema udongo wa huku umechoka," ananong'ona. "Si udongo. Ni mimi."

Miezi miwili iliyopita Bruda Otto, msimamizi wa shamba, alimpa chupa ya dawa kutoka Ulaya. Aichanganye na maji, azinyunyizie mbegu, azianike kivulini, ndipo apande. Ndani yake, alisema Bruda, mna wadudu wasioonekana wanaoilisha mizizi.

"Mdudu anakula mmea. Wa kuulisha nilikuwa sijamsikia!" Anaanza kucheka.

Maji yenye dawa anayajua. Miaka minne iliyopita mumewe, Chande, alinyunyiziwa, akaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hakurudi. Njaa iliyofuata vita ikachukua watoto wawili kati ya watatu.

Kwa hiyo Bruda alipokwenda kusali, Theodosia alizibeba mbegu hadi mtoni, akaanza kuziosha, kila konzi mara tatu, kama aoshwavyo mtu aliyepakwa dawa mbaya. Kengele ya kazi ilipolia alikuwa ameosha nusu tu. Nyingine akazipanda na dawa yake.

Sasa zilizooshwa ndizo zinazokufa, na kesho Bruda ataing'oa soya yote apande tumbaku. Theodosia akinyamaza, chakula alichoahidiwa kutoka mavuno ya soya, cha kumlisha binti yake aliyebaki, Lukresia, kimekwenda. Akisema, huenda kazi nayo ikaenda.

"Maji yale yaliniulia mume. Haya yanaotesha. Sasa nishike lipi, mwanangu?" anamwuliza mwandishi wa kisa hiki.

Anang'oa shina moja kila upande. Mizizi ya lile la kijani ina vinundu vidogo kama punje za ulezi. Ya lile la njano ni mitupu. Anaitazama, anaigeuza, anatikisa kichwa.

"Ningeviona hivi peke yake ningesema ni ugonjwa. Kumbe lisilo navyo ndilo gonjwa! Basi, mficha maradhi kifo humuumbua. Namwendea Bruda."

Anayafunga mashina yote mawili kwenye pindo la kaniki yake. Akishaungama, ataomba konzi moja ya mbegu na dawa kidogo, azipande nyuma ya nyumba yake, kijijini Mshangano.

"Nitazinyunyizia mwenyewe," anasema akiinuka. "Maji yakinidanganya tena, safari hii nitapoteza konzi ya mbegu. Si mtu."