Fundi wa Nkuhungu na kadi aliyosema imeungua

Saa tatu asubuhi, Nkuhungu, jijini Dodoma. Restuta Matonya ameinama juu ya kompyuta ya mezani iliyofunguliwa ubavu, akitoa vumbi jekundu kwa brashi ya kupakia rangi. Kwenye skrini maandishi ni makubwa na yana ukungu.

Mwenye kompyuta, Halfani, mfanyabiashara kutoka Kondoa, ana swali moja tu.

"Kadi ya picha imekufa, dada?"

Restuta anafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Haijafa. Kadi yako ni nzima. Mfumo huu mpya ndio hauijui, na draiva yake mimi sijaipata. Nipe hadi kesho kutwa."

Baada ya Halfani kuondoka, Restuta anamwambia mwandishi kwamba jibu kama hilo hakuwa nalo Machi mwaka jana. Angekuwa nalo, asingekuwa na habari ya kusimulia.

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa chake. Kadi za picha zikizeeka, watengenezaji huacha kuziandalia draiva mpya. Mtu akiweka mfumo wa kisasa, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kwenye mashine ya zamani, kadi isiyo na kasoro hukaa bure.

Restuta ana miaka 32. Fremu yake ya duka anailipia shilingi 80,000 kwa mwezi. Siku nzuri hupata 30,000. Siku mbaya, nauli ya kurudi nyumbani.

Machi hiyo alipokea kompyuta ya Mzee Silvano Chilongani, mchora ramani za nyumba kutoka Bahi. Mzee aliomba isafishwe tu, maana ilikuwa nzito kufanya kazi. Restuta akaweka mfumo mpya bila kumuuliza.

"Nilitaka aone kwamba mimi ni fundi wa kisasa," anasema, macho yakiwa sakafuni.

Michoro ya mzee ilibaki salama, lakini skrini ilijaa ukungu na programu ya kuchorea ikagoma kufunguka. Mfumo wa zamani alikuwa ameshaufuta, na nakala yake hakuwa nayo. Alihangaika siku tatu. Siku ya nne mzee akaingia, na dukani kulikuwa na wateja wengine.

"Niliona aibu kusema sijui. Nikasema, 'Baba, kadi imeungua. Ni umeme wa kwako.' Akashangaa, akauliza, 'Umeme gani?' Nikamwambia labda kuna kitu kimechomekwa pamoja nayo, kama pasi. Akasema, 'Pasi ni ya mke wangu.'"

Restuta anaiweka brashi chini.

"Neno pasi nililitoa mimi. Mzee hakulitaja. Na bado akanilipa, akanishukuru."

Miezi ikapita. Desemba, mpiga picha wa harusi aitwaye Anitha akamletea kompyuta yenye tatizo hilohilo na kadi ya aina ileile. Safari hii Restuta aliingia kwenye mtandao wa mafundi na kuuliza. Akaelekezwa kwamba ndani ya draiva ya zamani kuna faili lenye orodha ya kadi zinazokubaliwa. Ukiongeza namba ya kadi yako, kisha ukawasha kompyuta huku umezima ukaguzi wa saini za draiva, ulinzi unaokataa draiva zilizobadilishwa, na ukaiweka draiva hiyo, mfumo mpya unaipokea kadi.

Skrini ikazimika. Ikawaka tena, maandishi yakiwa madogo na safi. Anitha akapiga makofi.

"Mwenzangu anashangilia, mimi najiona nimevuliwa nguo mbele za watu," anasema Restuta. "Nikajua ile ya mzee haikuungua. Nikatoka nje, nikakaa juu ya ndoo."

Ilimchukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda Bahi. Alipokelewa na mke wa mzee, Hilda, anayeitwa Mama Jordan, akakaribishwa maji. Mzee alikuwa amerudi kwenye rula na karatasi, ingawa macho hayamsaidii tena, na wateja wengi walikuwa wamemhama.

Pasi haikuwepo. Tangu Machi Mama Jordan alikuwa akibeba nguo kwenda kunyoosha kwa jirani, na mtaa mzima ulimjua kama mwanamke aliyeunguza kompyuta ya mumewe.

Restuta alisema yote kabla hajaigusa mashine. Akafanya kazi kwa saa mbili, hadi ramani ya nyumba ya vyumba vitatu ikafunguka, mistari ikionekana vizuri.

"Mama Jordan, njoo uone," mzee akaita.

Hakuja. Mzee akainuka, akamfuata uani. Kupitia dirisha Restuta alimwona amesimama mbele ya mkewe, kofia mkononi.

Kwa simu, Mzee Silvano anathibitisha kwamba sasa anachora tena. Aliulizwa kama amemsamehe fundi.

"Yeye alinidanganya siku moja," alisema. "Mimi nilimsema mke wangu miezi kumi."

Jioni ya siku ile kule Bahi, Mama Jordan alimsindikiza Restuta hadi kwenye bodaboda. Restuta alimwomba msamaha kwa mara ya pili.

"Mwanangu, umenisafisha ndani," mama akamjibu. "Lakini mimi nilichafuliwa nje, mtaani."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Restuta alitafute gazeti hili. Mwandishi alipopendekeza jina lake libadilishwe, alikataa.

"Weka jina langu lote, na duka langu liko Nkuhungu. Uandike kwamba Mama Jordan hakuunguza kitu."

Ana mipango mingine pia: kuandaa orodha ya kadi za zamani na namna ya kuziwezesha, awagawie mafundi wenzake bure, mtu asipate kisingizio kama chake. Lakini kwanza ni Jumapili hii, atakapopanda basi la Bahi na gazeti mkononi.

"Nitalisoma kwa sauti, majirani wakisikia, kama Mama Jordan atataka," anasema. Anavuta kompyuta ya Halfani karibu, haitazami. "Asipotaka, nitamwachia alisome mwenyewe."