Kabichi ya Baridi Yafika Idsowe

Nilisafiri kwa sababu mama yangu alijinyima samaki. Nilipokuwa nasoma kaskazini mwa China, kila Ijumaa alinipigia simu na kuniuliza, "Umekula nini, baba?" Wakati wa baridi jibu langu lilikuwa moja, kabichi, na sauti ilikuwa ikinikatika. Basi akakata shauri: hatatia kitamu kinywani huku mwanawe anashindia kabichi. Nimerudi, nimepata kazi Nairobi, na bado dada yangu Amina ananiambia kwamba kambare akipikwa nyumbani Idsowe, mama anachukua ugali na mchicha wake, anakaa pembeni. Nimemweleza mara ngapi kuwa kabichi ya kule ni tamu!

"Aisifuye mvua imemnyea," hunijibu. "Mimi nasikia ngurumo tu."

Nairobi, saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa Julai, na baridi ilikuwa kali. Nilipanda basi nimepakata kabichi moja ya Kichina niliyoinunua sokoni, ndefu, nyeupe upande wa shina, majani yamebanana. Kule China, baridi ikikaribia, watu hununua kabichi kwa marundo, wakazipanga kwenye ngazi na kuzifunika mablanketi makuukuu. Theluji inaanguka, hakuna kinachoota nje, nazo zinakaa tu na kuzidi utamu. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini alinifundisha nisiyatoe majani ya nje yakikauka, kwa kuwa hayo ndiyo koti lake. Jioni ukiichemsha na tangawizi, kioo cha dirisha kinatoka jasho, na mpaka bakuli liishe unasahau kwamba uko mbali na kwenu. Baridi ile niliilaani kila asubuhi. Sasa naitamani, na sioni haya kusema.

Garissa, saa tano. Joto lilitupokea mlangoni. Majani ya nje yalikuwa yameanza kunyauka, lakini sikujali, koti ni la kuchakaa. Tulipoipita Chewele nililowesha kitambaa kwa maji ya kunywa nikaifunika. Mzee aliyekaa kando yangu alitazama weee, kisha akauliza, "Huyu mgonjwa wako unampeleka hospitali gani?"

Garsen, saa kumi. Nilimwachia kabichi Mama Rukia, mwenye hoteli ambako nimekunywa chai tangu utotoni, nikaenda kuswali. Niliporudi niliikuta mezani imeoshwa, uchi kabisa, imebaki kama kigutu cha mkono.

"Nimekutolea uchafu, mwanangu," alisema kwa furaha. "Majani yote yalikufa. Nimewapatia mbuzi."

"Hilo lilikuwa koti lake, mama!"

"Koti? Garsen hii?"

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana alifanya kwa wema. Nikamweleza habari ya mama na samaki. Alichukua leso yake, akaichovya kwenye ndoo, akaifungia kabichi vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. "Kimbia basi," akasema, akaniitia bodaboda mwenyewe.

Idsowe, jua likiwa bado juu ya migomba. Mama alinipokea kwa dua, akanishika mashavu kupima kama nimenenepa. Nilipoingia jikoni alicheka, ati mwanamume ameshika mwiko. Nilimkatalia nazi, nikamkatalia nyanya. Nikaweka tangawizi, chumvi na maji kidogo, kama kule. Majani ya juu yalikuwa yamelegea. Moyo ulikuwa mzima.

Alionja kijiko cha kwanza, akanitazama. Akaonja cha pili. Amina aliacha kufagia. Bakuli liliisha, na mama akanywa hata mchuzi.

"Kumbe tamu hivi?"

"Nilikuambia, mama."

"Basi hukuwa na njaa." Aliliweka bakuli chini polepole. "Kwenye simu ulikuwa unalia nini?"

Kwa miaka yote ile sikuwahi kulisema. "Nilikuwa nakulilia wewe."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akageukia mlangoni. "Amina, yule kambare bado yuko?"

Nilirudi Nairobi siku ya tatu, mikono mitupu, naliona pengo la kabichi pajani. Njia nzima nilifikiri jinsi nilivyomtajia mama chakula kila Ijumaa nikamficha kinachoniliza, naye akaubeba mzigo asiopewa. Mtu aliye mbali akiulizwa amekula nini, aseme pia amekosa nini.

Ijumaa iliyofuata, nikiwa chumbani nimejifunika blanketi, simu ililia.

"Umekula nini, baba?"

"Kabichi, mama. Na nimekukumbuka sana. Wewe je?"

"Samaki," akasema. "Lakini kabichi yako naitamani."