Kabati Lililonifungia Jikoni

Hii nawahadithia nyie tu, na mkicheka chekeni kwa adabu, maana hata leo nikiikumbuka najisikia kujificha chini ya kitanda.

Mie nakaa Segerea (ukimwambia mtu hivyo lazima akuulize umetoka lini, kwa ajili ya lile gereza, nimeshazoea), na wakati huo nilikuwa peke yangu, kwa sababu mke wangu Zuhura alikwenda kujifungulia kwa mama yake Tanga, maana kwao mtoto wa kwanza lazima azaliwe mikononi mwa bibi. Tulikubaliana arobaini ikiisha arudi. Arobaini ikaisha, Zuhura harudi. Mama mkwe, ambaye aliwahi kuja kwetu mara moja tu akakuta sufuria zimepangwa sakafuni na vikombe vimo kwenye ndoo, akanipigia na kusema kwa ile sauti yake ya upole ambayo huwezi kuibishia, "Baba Rukia, mwanangu ana mtoto mchanga, hawezi kushinda anainama kuokota sufuria chini. Jiko likiwa na makabati niambie, nitamleta mwenyewe."

Jamani, nilimmisi yule mwanamke. Nasema kweli na sioni haya. Asubuhi chai na mkate, jioni chipsi, na kanga yake moja iliyobaki kwenye kiti cha sebuleni sikuifua wala kuikunja miezi ile yote, sijui kwa nini (najua). Mwanangu nilimwona siku ya saba tu nilipokwenda Tanga, tena amelala, hata macho yake sikuyaona nijue ni ya nani. Kila nikipiga simu namwambia Zuhura, "Vumilia, namalizia jiko," naye anasema tu, "Haya."

Nikanunua makabati yale yanayokuja ndani ya maboksi, mbao tupu, skrubu kwenye vifuko, na kitabu cha picha kisicho na neno hata moja. Fundi mmoja wa Keko niliyepita kumuuliza bei aliniambia, "Braza, ngoja Jumamosi nije nikufungie." Nikamjibu sina haja, picha ninazo. Na kweli makabati mawili madogo niliyafunga, yakasimama (mlango wa moja unafungukia ukutani, lakini unafunguka), nikaanza kujiona fundi. Likabaki lile refu la kuwekea unga na mchele, bado liko kwenye boksi, na hapo ndipo mama mkwe akapiga. "Vipi mkwe, jiko?" Ningeweza kusema bado. Kinywa hiki hiki kikasema, "Tayari, mama."

"Alhamdulillahi. Basi kesho tunakuja."

Kesho yake nikaanza kazi alfajiri, joto lile mnalijua, nikavua shati nikabaki na bukta. Jiko langu ni jembamba, nikalifunga kabati likiwa limelala sakafuni, miguu yake imeelekea mlangoni, na mlango wenyewe unafungukia ndani, nikaurudisha nikaacha upenyo kidogo wa hewa. Nilipokaza skrubu ya mwisho nikakirusha sebuleni kile kifunguo kidogo kilichopinda, kikatua kwenye kochi, maana kazi si imekwisha? Nikaanza kulisimamisha. Kumbe kabati lililolala ukilinyanyua, kona yake inapanda juu kuliko urefu wake likiwa limesimama (baadaye nimeona ukurasa wa kwanza wa kile kitabu, kuna mtu amechorwa anafanya hivyo hivyo, amepigwa alama ya mkasi, yaani usifanye). Kona ikagusa dari, mie nikadhani ni uzito tu, nikasukuma kwa nguvu zote, ikatoboa dari ikazama humo, na miguu ikateleza ikaubana mlango. Kushuka halishuki, kupanda halipandi. Simu iko sebuleni inachajiwa. Dirisha lina nondo. Jirani yangu Mama Happy akachungulia kwa nje, vumbi la dari limenijaa kichwani, akasema, "He, jirani, Segerea ya pili umefungua?" Badala ya kwenda kuniitia mtu akaegemea pale pale, anasubiri kuona mwisho wake.

Mara nikasikia bajaji, halafu, "Hodi wenyewe!"

"Karibuni!" nikajibu, kwa sababu ningejibu nini?

"Mkwe, uko wapi?"

"Jikoni, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Toka basi tukuone."

"Siwezi, mama."

Hapo hapo mtoto akalia. Sijui nyie, lakini mie nilikuwa sijawahi kumsikia mwanangu akilia isipokuwa kwenye simu, na sasa yuko hatua mbili tu, nyuma ya mlango nilioufunga mwenyewe kwa kabati lililokuwa limlete nyumbani. Zuhura akaja kwenye ule upenyo, nikaona jicho lake moja na nusu ya pua. "Baba Rukia, umefanya nini?" Nikamwambia nipe kifunguo kiko kwenye kochi, na kanga yako iko kwenye kiti, maana siwezi kutokea mbele ya mama na bukta. Akavipitisha. Halafu, kabla sijaanza, akapitisha kitu kingine, kiguu kidogo cha mtoto, hakina hata soksi, nikakishika.

Nikaanza kulifungua kabati skrubu moja moja, mama mkwe amekaa sebuleni anavuta uradi, Mama Happy dirishani ananihesabia mbao zinazotoka. Na Zuhura hakuondoka pale mlangoni. Nikamwambia, "Nisamehe, nilitaka ukute kila kitu tayari." Akasema polepole ili mama yake asisikie, "Nani alikwambia nataka makabati? Hayo ni ya mama. Mie miezi yote hii nasubiri uniambie rudi. Kila ukipiga ni jiko, jiko. Mpaka nikasema huyu labda hanitaki." Skrubu ikaniponyoka. Nikasema, "Rudi, Zuhura." Akasema, "Si nimesharudi, fungua mlango."

Nikatoka nimejifunga kanga ya kike, yale maandishi yake yamenikaa makalioni (sitawaambia yalisemaje), mweupe kwa vumbi. Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini, akaenda jikoni, akaliona lile rundo la mbao, tundu la dari, na vikombe vingali kwenye ndoo. Nikajua mwanamke na mtoto wanarudi Tanga na basi lile lile. Akasema, "Tayari hii ndiyo tayari ya wapi?" Zuhura akakaa chini sakafuni na mtoto, akavuta ndoo, akaanza kutoa vikombe vya chai. "Mama, keti. Mie siendi popote." Mama akamchukua Rukia akaja akanipa nimshike, halafu akasema nikaoge kwanza, akanipokonya.

Makabati yule fundi wa Keko alikuja akayafunga yote upya Jumamosi, hakunicheka mbele yangu. Mie nimeapa sitasema tena tayari kwa kitu ambacho bado kiko kwenye boksi, na Zuhura akienda kwao hata siku mbili, nikipiga simu neno la kwanza ni rudi. Mlango wa jikoni nimeung'oa. Tumeweka pazia.