Sanduku la Samaki kwa Pombe ya Matanga

Kabla hajafa, mke wangu aliniomba jambo moja: siku ya kumaliza matanga yake, watu wasipewe bia ya chupa. Wanywe pombe ya mtama, ile kali aliyozoea kuipika mwenyewe hapa Bunia. Niliitika. Mdogo wake akaja kunisaidia, maana mimi maisha yangu yote nilikuwa mnywaji tu.

Pombe kali hutaka kimea kingi na maji machache. Uji wake ni mzito, na lazima ukae na joto la wastani saa nyingi. Ukipoa mapema, utamu hautoki, na pombe inakuwa maji. Mke wangu alitumia chungu kidogo cha udongo, akirudia kupika mara nyingi. Nikasema hakitatosha. Pipa la chuma nililiogopa, kwa kuwa uji mzito huungua chini. Ndipo nikaona sokoni sanduku la barafu, la wale wanaopandisha samaki kutoka ziwani Kasenyi. Nikafikiri kwa akili zangu za sekondari: kinachotunza baridi kitatunza na joto.

"Shemeji, hii kitu ilibebaka samaki," akasema mdogo wa mke wangu.

"Nimeiosha na sabuni, na majivu, na ndimu."

"Weye unapika pombe ama supu? Tutumie chungu ya dada. Siku tuko nazo."

Sikumsikiliza. Nilimwaga humo uji wa moto wa kimea karibu chote.

Joto lilikaa vizuri, hapo sikukosea. Lakini nilipofunua kifuniko, mvuke ulionipiga usoni ulikuwa wa samaki. Harufu ilikuwa imelala ndani ya kuta za sanduku, na joto likaiamsha. Nikaonja. Tamu kweli, na nyuma ya utamu, samaki. Nikaonja tena, nikitumaini ulimi wangu wa uzee unanidanganya. Shemeji naye alionja, akatema pembeni. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ikichacha, harufu itaisha," nikasema.

"Itaongezeka."

Ilikuwa Jumatano. Wakwe zangu wa Bogoro walikuwa wanafika Jumamosi, na kuotesha mtama mwingine na kuukausha kusingewahi. Nikakaa chini kando ya sanduku. Ombi moja tu, na nimeliharibu kwa mikono yangu.

"Kimea kiasi gani imebaki?" akauliza.

"Beseni moja."

"Inaenea chungu moja."

"Na watu wote wale?"

"Kila mutu atapata ya kulowanisha mudomo."

"Watauliza kwa nini."

"Utawaambia. Hapo miye sitakusaidia, muzee."

Akaweka chungu cha dada yake kwenye mafiga, akanipa mwiko. Mpini ulikuwa umelika upande mmoja, pale mke wangu alipozoea kuushika. Nilijaribu kuweka vidole vyangu hapo. Havikuenea.