Kulungu wa Artemi na Mizabibu ya Telea

Telea wa Arkadia alirithi kwa babaye vitu viwili: shamba dogo la mizabibu na ubishi. Shamba lilimlisha yeye, mkewe Filina na watoto. Ubishi ndio uliomponza.

Shamba lilipakana na hekalu la Artemi, mungu wa kike wa mawindo, na hekaluni palikuwa na kulungu jike mwenye utepe mwekundu shingoni. Alikuwa mtakatifu, maana yake alikula cha kila mtu na asifukuzwe. Ambaye angemgusa angepigwa mshale na Artemi, yeye na kizazi chake. Kuna mzee aliyewahi kumtupia jiwe, mkono ukapooza. Kwamba mzee huyo alianguka kutoka juu ya punda akiwa amelewa chakari, hilo watu hawakulitaja.

Kila asubuhi kulungu aliingia kwa Telea, akachagua machipukizi laini, akatafuna huku akimtazama mwenye shamba usoni. Telea akamwendea Timareta, kuhani wa hekalu.

"Mama, mnyama wako ananimaliza."

"Si wangu, baba. Ni wa Artemi. Shukuru, mungu amechagua kula kwako."

"Mbona bustani yako ya kabeji umeizungushia ukuta?"

"Nenda salama, Telea, kabla sijakusikia."

Akaondoka amefura. Ndipo alipopata wazo, na wazo la mtu mwenye hasira ni la kuogopwa. Alikwenda kwa Fainipo, kuhani wa Dioniso, mungu wa mvinyo, akaapa mbele ya madhabahu kwamba mizabibu yake yote ni ya Dioniso. Sasa kulungu akila, anamwibia mungu mwingine. Wamalizane wenyewe huko juu.

"Na sisi tutakula zabibu za nani?" Filina aliuliza.

"Mambo ya miungu huyajui, mke wangu. Tulia."

Kweli, Timareta alimwogopa Dioniso, ambaye huwatia watu wazimu, akamfunga kulungu kamba. Telea akatembea kijijini kifua mbele hadi siku ya mavuno, Fainipo alipotokea na watu wenye vikapu.

"Asante kwa kulima, ndugu yangu."

"Lakini mimi niliapa kwa sababu ya kulungu tu."

"Uliapa yote. Chuma hata kishada kimoja, uone kama hutaokota makopo."

Telea alikuwa ameruka majivu, akakanyaga moto. Watoto wake hawakuwa na shamba tena, na aliyelitoa ni baba yao. Alikwenda hekaluni akaikata kamba kwa kisu, bila kumgusa mnyama.

Kulungu hakuhitaji kuonyeshwa njia. Alipita katikati ya wachumaji, akazamisha mdomo katika kikapu kilichojaa. Fainipo aliinua fimbo, akauona utepe mwekundu, akaishusha polepole.

Telea akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Filina, aliyesimama karibu na watoto, hakucheka.