Mstari wa Kambambili

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwenye kiwanja kimoja cha michezo ya watoto upande wa Kagarama hapa Kigali, chenye farasi wa plastiki wanaozunguka kwa umeme na spika inayorudia wimbo mmoja mpaka kichwa kinauma. Tulipanga foleni kistaarabu, karatasi za rangi zikiwa zimebandikwa mkononi. Tulipobakiza watoto wanne mbele yetu, akaja baba mmoja na simu sikioni, akampenyeza mwanawe mbele yetu polepole huku akiendelea kuongea, utadhani mikono ile haikuwa yake. Binti yangu akanitazama. Nikajikuta namgusa yule baba begani na kumwuliza swali ambalo nadhani sikuwa nimelitamka kwa miaka thelathini.

"Samahani, wewe iko nyuma ya nani?"

Akashusha simu, akamshika mwanawe mkono, akaenda mwisho wa foleni bila ugomvi. Binti yangu aliniona shujaa, na hapo ndipo nilipoona haya, rafiki yangu, kwa sababu swali lile mimi nilifundishwa nikiwa upande wa mkosaji. Kaa nikusimulie.

Nililelewa mtaani Nyamirambo na bibi yangu mzaa mama, katika nyumba ya matofali mabichi yenye mlango wa kijani. Bibi alikuwa muuza vitumbua. Asubuhi niliamshwa na mlio wa mafuta, na harufu ya iliki ilikuwa imeingia mpaka kwenye shuka zetu. Kazi yangu ilikuwa maji. Bomba la mtaa lilitoa maji lilipotaka lenyewe, kwa hiyo tulikuwa tunapanga jerikani usiku kucha bila wenyewe kuwepo. Jerikani ikiwa kwenye mstari, na wewe uko kwenye mstari. Lakini jerikani za manjano zinafanana kama vifaranga, na watu wabaya wapo kila mahali, hivyo sheria ya bomba ilikuwa moja: ukifika, huulizwi wewe ni wa ngapi, unaulizwa uko nyuma ya nani. Ukishindwa kumtaja mtu, unaanza upya nyuma kabisa. Bibi alisema kila mtu anaijua njaa yake, ila mwenye adabu anaijua na njaa ya aliye mbele yake. Nilidhani ni maneno ya kizee tu ya kunifanya nikae kwenye baridi.

Sheria hiyohiyo ilihamia kwenye bembea siku ya Idi ya kumaliza Ramadhani. Mtaani kwetu alikuwepo fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye macho mekundu na roho nyeupe. Kila Idi aliazima ekseli ya lori la mdogo wake, akaisimika wima kwenye uwanja wa chini ya msikiti, akaichomelea mikono sita ya bomba, na kila mkono akauning'inizia kiti cha ubao kwa minyororo. Hapakuwa na umeme wala muziki. Watoto waliokuwa wakingoja ndio walioisukuma, na minyororo ilipiga kelele kiasi kwamba imamu alilazimika kupandisha sauti. Unatoa sarafu yako, unazungushwa mara ishirini, unashuka ukiyumba kama mlevi. Kwetu sisi huo ndio ulikuwa ulimwengu mzima.

Hatukuwa na subira ya kusimama, basi tulipanga kambambili. Kila mtoto aliacha ndala yake moja kwenye mstari na kwenda kucheza kwa mguu mmoja mtupu. Ukiutazama mstari ule kutoka barazani ungewajua watoto wote wa mtaa kwa soli zao: iliyolika kisigino, iliyoshonwa kwa waya, ya kaka mkubwa iliyokuwa kama mtumbwi. Na ile ya bluu yenye pini mahali pa kifundo ilikuwa ya binti wa mwalimu.

Binti wa mwalimu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Wao walikuwa Wakristo, lakini sahani ya pilau ya Idi ilivuka kwao kabla sisi hatujala, na Krismasi sahani hiyohiyo ilirudi na viazi na nyama. Tulikuwa rika moja, miaka tisa. Mimi nilikuwa mwepesi wa maneno na wa kulia. Yeye alikuwa mkimya, na akikutazama unahisi amekwisha kukusoma.

Idi ya mwaka tisini na tatu, kambambili yake ilikuwa mbele ya yangu. Mbele yake ilikuwa ya mtoto wa muuza nyama. Alasiri hiyo mawingu yalikusanyika juu ya mlima, na kama unaijua mvua ya Kigali ya majira yale, unajua haipigi hodi. Ilimwagika. Sisi watoto tukakimbilia baraza za maduka tukipiga mayowe ya furaha. Bibi alikuwa pembeni ya uwanja na jiko lake, mafuta ya moto, na beseni la unga. Mjukuu wake, yaani mimi, nilikuwa barazani nimekazia macho bembea. Aliyetoka mbio kwenye mvua kwenda kumsaidia bibi kubeba jiko alikuwa binti wa mwalimu.

Mvua ilipokatika, mstari haukuwepo. Uwanja ule una mteremko, na maji yalikuwa yamezoa kambambili zote mpaka kwenye mtaro. Nyingine tulizikuta zimenasa kwenye majani, ile ya bluu mojawapo, nyingine sijui zilifika mto Nyabugogo. Fundi akaangalia jua, akatuambia itabeba zamu moja tu kisha anaifungua, kwa sababu lori linataka ekseli yake alfajiri. Watu sita. Akasimama mbele ya bembea na kuanza kuuliza mmoja mmoja, wewe iko nyuma ya nani, wewe iko nyuma ya nani, na watoto wakajibu kweli. Nakwambia walijibu kweli. Watoto zaidi ya ishirini, kambambili zimekwenda na maji, na kila mmoja akamtaja wa mbele yake kama anayesoma sura aliyoihifadhi.

Nilipiga hesabu kwa macho. Mtoto wa muuza nyama alikuwa wa tano. Fundi akanigeukia.

"Wewe iko nyuma ya nani?"

Nikasema niko nyuma ya mtoto wa muuza nyama. Ilitoka laini, bila hata kukwama. Nikapanda kiti cha sita.

Nilikuwa nimeshashika minyororo nilipomwona binti wa mwalimu anakuja kutoka upande wa nyumbani, mikono myeusi kwa mkaa, mguu mmoja mtupu, gauni limemgandama. Fundi akamwuliza swali lilelile. Alitazama mtoto wa muuza nyama, akanitazama mimi. Sijasahau kutazamwa kule.

"Mimi iko nyuma yake," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

"Basi zimejaa, mwana. Ihangane," fundi akamwambia, pole kwa Kinyarwanda.

Akaenda kusukuma pamoja na wengine. Nilizungushwa mara ishirini na kila mzunguko nilipita mbele ya uso wake, na sikuonja utamu wowote. Kinywa kilikuwa kikavu kama cha siku ya kwanza ya Ramadhani.

Jioni bibi aliupanga mkaa uliolowa uanikwe, akinisifia yule mtoto wa jirani, jinsi alivyolishika jiko la moto kwa kitambaa asiliangushe. Halafu akaniuliza nani alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Nadhani alikuwa amekwisha kujua, kwani wanawake wanaouza barabarani huona kila kitu. Nikamwambia ukweli nikilia, na machozi hayo kwa mara ya kwanza hayakuwa ya kuombea kitu. Nilingoja fimbo, haikuja.

"Sasa sikia," akasema. "Bembea imefunguliwa, lakini mustari bado iko. Mbele yako bado ni yeye. Idi inayokuja ni yeye tena. Ukisahau, mimi sitasahau."

Nilichukia kwamba hakunichapa, maana fimbo ingekwisha siku ileile. Badala yake nilibeba zamu ya mtu mwaka mzima. Bombani, darasani, kwenye kununua sukari, kila nilipoona mgongo wa mtu mbele yangu nilikumbuka ni nani anapaswa kuwa pale. Na binti wa mwalimu hakunidai zamu yake. Tulicheza, tukagombana kwa mambo mengine, tukapatana.

Idi iliyofuata ilikuwa ya mwaka tisini na nne, mwezi wa tatu. Mji ulikuwa na hofu. Wakubwa walizima redio tukiingia ndani, na bibi alisita kama aniruhusu nitoke nje au la. Wapo waliosema fundi asisimike bembea mwaka ule. Akaisimika, Mungu amlipe. Kabla ya swala nilikuwa nimegonga dirisha la jirani na kumwomba binti wa mwalimu kambambili yake moja, ile ya bluu yenye pini. Akanipa bila kuuliza. Niliiweka ya kwanza kabisa, peke yake uwanjani, ya kwangu nyuma yake, nikakaa kando ya hizo mbili kama mlinzi wa benki. Niliikosa swala na bibi hakunigombeza.

Fundi alipofungua aliniuliza niko nyuma ya nani. Nikamtaja kwa sauti mpaka watu wakageuka. Binti wa mwalimu akapanda akiwa wa kwanza, nami nikamwomba fundi aniwekee zamu yangu. Akachagua kiti, akabadilisha, akachagua kingine, kwa raha zake. Alipomaliza nikamwambia apande tena kwa zamu yangu, mimi nisukume. Hapo nilikuwa nimeshika kiti chake kwa nyuma, na ilikuwa rahisi zaidi kumwambia kisogo chake kuliko uso. Nikamwambia mwaka jana ile nafasi ilikuwa yake.

"Yego, nilijua," akasema. "Lakini wewe ungelia."

Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Alikuwa mtoto mkimya, nilikwisha kukuambia, lakini siku ile alicheka kwa sauti, na kicheko chake kilikuwa kinakuja na kwenda kwa duara, kikinipita na kurudi.

Wiki chache baadaye ukafika mwezi wa nne. Kilichotokea kinajulikana na wengine wamekisimulia kuliko niwezavyo mimi. Binti wa mwalimu, baba yake na mama yake, wote watatu waliuawa. Bibi aliishi miaka mingine sita, na kila Idi alipakua sahani ya pilau ya upande ule wa ukuta, akaiweka mezani mpaka ipoe, kisha akamwita mtoto yeyote anayepita aile. Fundi hakuonekana tena. Uwanja ule sasa una ghorofa yenye maduka ya simu, na watoto wa huko wanavaa viatu vya kufunga kamba.

Wewe unaweza kudhani nakumbuka kwa uchungu. Uchungu upo, sikatai. Lakini ninachokihisi zaidi ni shukrani. Namshukuru bibi, ambaye angeweza kunichapa yakaisha, nami ningekua nikiwa mtu mwingine. Nashukuru kwamba sikungoja Idi ya mbele yake, nikijiambia tuko wadogo na Idi ziko nyingi. Niliwahi. Kwa wiki chache tu, lakini niliwahi.

Haya yote nilimsimulia binti yangu tukirudi nyumbani, naye akasikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza kitu chochote. Tulipofika langoni akaniuliza jambo moja tu.

"Alipanda mara ngapi?"

Mara mbili, nikamwambia. Ya pili nilisukuma mimi.