Aliyepimwa kwa Namba Yangu

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika pembe mbili huku, mwenzako pembe mbili kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzako asipokuja kazini, nawe siku hiyo huna kazi; utasimama na shuka lako mkononi kama mtu aliyeachwa uwanjani ngoma imekwisha. Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha kufulia, tukifua shuka za mahoteli na za hospitali, na katika miaka hiyo sikuchelewa hata siku moja. Mlinzi wa geti alikuwa akiniona mimi ndipo anaweka saa yake sawa. Bado yu hai, mwulizeni.

Pale hatukuitana kwa majina. Kila mtu na namba yake kifuani, na yangu ilikuwa mia moja kumi na nane. Msimamizi akipaza sauti, "Kumi na nane!", nageuka kabla hajamaliza.

Magoti ndiyo yaliyoniangusha. Asubuhi yalikuwa yanalia kama mlango mkavu, na ngazi za kwenda kwenye mashine za mvuke zikawa mlima. Wakati huo nilikuwa nakaa na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, kwenye vyumba vyake viwili, pamoja na watoto wake watatu. Tulimwita Cheche, kwa sababu mdomo wake haukuhitaji kiberiti. Alikuwa anafua nguo za watu majumbani, leo ameitwa, kesho hakuitwa.

"Wifi," akaniambia jioni moja, akinikanda kwa maji ya moto, "haya magoti yalishastaafu zamani. Ni wewe mwenyewe tu hujapewa habari."

"Nikiacha kazi tutakula nini? Maneno yako?"

"Hayo yanatosha kushibisha mtaa mzima. Lakini nina wazo."

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Kiwanda kilikuwa hakiajiri tena. Mtu akiondoka, namba yake inafutwa, na kazi yake anabebeshwa aliyebaki. Kwa hiyo Cheche hakuweza kuomba kazi. Ila aliweza kuvaa kitambulisho changu. Picha yangu ilikuwa imeshaliwa na mvuke, yakabaki masikio na kipande cha paji la uso.

"Paji la uso ni paji la uso," akasema akijitazama kwenye kioo. "Hata mama yako angekosea."

Jumatatu akaingia kama mia moja kumi na nane. Msimamizi alimwona, akamwangalia, akaangalia shuka zilizorundikana, akafumba macho. Alihitaji mikono. Watu wa ofisini walikuwa hawashuki chini. Kwao sisi tulikuwa mistari kwenye daftari. Cheche akapewa mwenzangu wa siku zote, mama mmoja wa mkono wa kushoto tuliyemwita Shoto. Mimi nikabaki nyumbani kupika. Nilikuwa nakula kwa namba yangu na kwa jasho la mwingine, na sitasema kwamba chakula kile kilikuwa kinanikwama. Kilikuwa kinapita vizuri tu.

Mwaka wa pili, manesi wakaja kiwandani. Wakaweka hema uani, wakasema wanawake wote wenye namba wapimwe saratani ya shingo ya kizazi, bure. Safu kwa safu zikaitwa. Cheche angesema hataki, wangemuuliza kwa nini, na swali moja huzaa la pili. Akaingia. Wakachukua majimaji kwa kijiti chenye pamba, wakaandika namba, na ile simu iliyokuwa kwenye daftari la ofisi. Simu yangu.

Wiki tano baadaye ikalia, nikichambua mchele.

"Mama wa namba mia moja kumi na nane?"

"Ndiye."

"Majibu yako yametoka. Kuna kitu kidogo tunataka kukiangalia vizuri. Usiogope. Njoo Jumanne au Alhamisi asubuhi, na kitambulisho chako."

Cheche aliporudi nikamwambia kabla hajavua viatu. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Jumanne na Alhamisi ndizo siku za shuka za hospitali," akasema. "Nikikosa, Shoto anasimama. Shoto akisimama, msimamizi anaulizwa. Msimamizi akiulizwa, atasema yote, ana watoto kama mimi."

"Chukua kitambulisho changu uende, basi."

"Nesi ana macho, wifi. Ataona mtu wa miaka arobaini na mbili, karatasi inasema sitini na tatu. Watapiga simu kiwandani. Na nikienda na changu, watasema mama, wewe hatukujui, hujawahi kupimwa." Akacheka kidogo. "Nenda wewe. Si namba ni yako?"

Mimi nilimaliza shule ya msingi, tena nikiwa wa tatu. Nilijua wazi kwamba mtu hawezi kumpimia mwenzake kizazi. Nikajiambia nitakwenda kuuliza tu: ni kitu gani, kinatibiwaje, kuna siku nyingine zaidi ya hizo mbili? Nitauliza kwa ujanja, nirudi na maneno.

Alhamisi nikavaa gauni langu la kijani, nikaenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi tangu saa moja hadi saa tano. Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, amechoka. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Hongera mama kwa kuja. Wengi tunawaita hawaji. Panda kitandani."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema: mwanangu, si mimi. Maneno matatu ya namna hiyo hayakosekani. Lakini mlango ulikuwa wazi, kwenye benchi walikuwapo wanawake wawili wa kiwandani, na mimi ni mtu ambaye watu walikuwa wanamwekea saa. Niliona nikiitwa mwongo mbele yao. Nikapanda kitandani. Nikavua, na magoti haya, nikalala, nikapakwa dawa yenye harufu ya siki.

"Uko safi kabisa, mama," akasema, akaandika. "Mara nyingine mwili hujisafisha wenyewe. Na hata kama tungekuta kitu, tungekichoma hapa hapa, dakika kumi na tano, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Tuonane mwakani."

Dakika kumi na tano. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo.

Nyumbani Cheche aliichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili, akaniinua na magoti yangu yote. "Umenipimia, wifi! Nimepona kwa mgongo wako!"

"Cheche, hiyo ni yangu. Wewe bado."

"Najua, najua." Lakini akaikunja mara nne, pembe kwa pembe kama shuka, akaiweka kwenye kibegi chake. Mtu aliyefungiwa chumbani hata picha ya dirisha huipenda. Nami kila Jumatatu nilimwambia nenda, naye kila Jumatatu akaniambia wiki ijayo, na wiki ikija nilimkorogea uji saa kumi na moja alfajiri ili awahi geti. Ndivyo nilivyomsukuma: mkono mmoja kwenda hospitali, mkono mwingine kwenda kazini, na mkono wenye uji ndio uliokuwa na nguvu.

Miezi minane ilipita. Siku moja Shoto akaja kuniona, akakataa kuketi.

"Dada, mwenzangu anavuja. Anafunga nguo nyeusi mbili, moja juu ya nyingine. Jana tulipokutana katikati ya shuka, alining'ang'ania nisimwachie. Nimeficha nimechoka."

Nikamuuliza Cheche. "Ni uzee unabisha hodi," akasema.

"Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Na mfichua kazi, njaa ikija atajificha wapi?"

Asubuhi yake, alipokwisha kutoka, nikavaa lile gauni la kijani, nikaenda kiwandani. Mlinzi akafurahi, akatazama saa. Nilipanda ngazi za ofisini moja moja, nikishika ukuta, nikamwambia karani mimi ndiye mia moja kumi na nane, na yule aliye chini ni wifi yangu, na ni mgonjwa. Hakupiga kelele. Alichukua rula, akapiga mstari juu ya namba yangu, mstari mmoja mwekundu ulionyooka vizuri. Nikamwomba Cheche apewe namba mpya akipona. Akasema, "Mama, hapa hakuna namba mpya."

Cheche alirudi saa nne asubuhi. Kitinda mimba wake alishangaa kumwona mama na jua.

"Umenifukuzisha kazi."

"Ndiyo."

"Basi sasa sina pa kuchelewa," akasema, na siku tisa hakunisemesha tena. Alikuwa anaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie huyo bibi wa gauni la kijani chumvi imezidi." Siku ya kumi akaniambia mwenyewe: "Twende."

Kwenye dirisha la hospitali wakamuuliza, "Umewahi kupimwa?" Akanitazama. Nikaeleza yote, mbele ya benchi lote, bila kupunguza. Yule nesi akatafuta faili akalipata: ugonjwa umeandikwa, halafu chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, safi. Faili lenye ugonjwa lilikuwa langu, na mwili wenye ugonjwa haukuwa na faili. Ikabidi Cheche aanze na wageni: foleni ya wageni, kijiti upya, kinyama kikatwe kipelekwe maabara. Wiki kumi na moja. Majibu yalipokuja, hapakuwa tena na kitu cha kuchoma kwa dakika kumi na tano. Ikatakiwa mionzi, na mashine ya mionzi ilikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Tulipofika ilikuwa imeharibika. Tukalala kwenye veranda ya hospitali wiki mbili tukiingojea. Walioweza kulipa hospitali binafsi waliondoka mmoja mmoja, sisi tukabaki tukijuana kwa mablanketi.

Alipopewa kitanda, alipapasa shuka, akakuta muhuri wa kiwanda chetu; kumbe shuka za huko nazo zilikuwa zinaletwa kwetu kufuliwa.

"Tazama pindo hili," akasema. "Limevutiwa kushoto. Shoto huyu! Ananifuata mpaka huku."

"Analalamika umemwachia pembe."

"Mwambie namwachia zote nne."

Alipata mionzi mara kumi na tatu kati ya ishirini na tano, mwili ukakataa. Nilimrudisha nyumbani mwenyewe, akafia kwenye chumba chake, mchana, watoto wakiwapo.

Mwezi uliopita simu ililia. "Mama wa namba mia moja kumi na nane? Mwaka umetimia, njoo upimwe tena." Nilikuwa nimeshawaeleza mara mbili, lakini daftari la kuita watu linashikwa na mtu mwingine. Nikasema nakuja. Nikavaa gauni, nikaketi kwenye benchi tangu saa moja. Nilipoitwa nikamsukuma mbele binti mkubwa wa Cheche. Alikuwa ameomba ruhusa mahali anapofua nguo, akaambiwa akienda asirudi, akaja.

"Huyu ana faili lake," nikamwambia nesi. "Andika jina lake kwanza, nilione, ndipo apande."

Akaandika. Nikavaa miwani, nikalisoma herufi kwa herufi. Kisha mlango ukafungwa, nami nikabaki benchini, nikihesabu dakika.